Gugu Lenye Masikio



Kama umewahi kusafiri kutoka Musoma kwenda Sirari mwezi wa Juni, na ukabahatika kukaa dirishani, huenda uliona mashamba ya mahindi yamejaa maua. Maua ya waridi yanayoelekea zambarau, yamesimama wima katikati ya mabua, mengi kiasi cha kudhani mwenye shamba ameyapanda makusudi akayauze mjini. Siku moja nilikaa na mgeni kwenye basi, akatoa simu yake akapiga picha. "Kwenu kuzuri," akaniambia. Nikaitikia tu. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba kila ua alilolipiga picha limekaa juu ya mzizi wa muhindi, linanyonya?

Wataalamu wetu wa kilimo wanaliita kiduha. Kwetu Rorya, kama ilivyo kwa Waluo wenzetu wa upande wa Kenya, ni kayongo. Kwa Kiingereza jina lake lina uchawi ndani, na hapo Waingereza hawakukosea sana. Unapanda, mvua inanyesha, mahindi yanachipua vizuri, halafu siku moja unayakuta yamepauka na kudumaa kama mtoto mwenye minyoo, na juu ya ardhi huoni kitu. Kayongo hufanya kazi yake chini kwa chini, wiki kadhaa kabla ya kuchomoza. Ukiliona ua, ujue limekwisha kula.

Leo nataka tulizungumzie gugu hili, na kupitia kwake tuliguse lile swali ambalo wakubwa wa dunia hulijadili kila mwaka katika kumbi zenye viyoyozi: tutapataje chakula kingi zaidi bila kuiua ardhi inayotupa chakula? Nimesoma maazimio yao mengi. Huwa yananiingia vizuri zaidi nikiyasoma nimesimama ndani ya shamba la mama yangu.

Mbegu ya kayongo ni ndogo kama vumbi la ugoro. Mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, na mbegu hizo zaweza kukaa udongoni miaka kumi na zaidi zikiwa hai, zinasubiri. Mvua peke yake haiziamshi. Mbegu ndogo namna ile haina akiba tumboni. Ikiota mahali pasipo na mzizi wa kushika, inakufa katika siku chache. Kwa hiyo inasikiliza. Mzizi wa muhindi ukipita karibu hutoa kemikali fulani kwenye udongo, kidogo mno, na kayongo likiipata linajua chakula kimefika. Linaota, linauendea mzizi, linautoboa, linaanza kunywa.

Sasa jiulize: muhindi una wazimu gani hata umwite mwizi wake? Swali hili liliwasumbua wataalamu miaka mingi. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walipata jibu. Kemikali ile ni wito kwa rafiki. Udongoni kuna kuvu wanaoshirikiana na mizizi: wao huiletea fosforasi kutoka mbali, nayo huwalipa kwa sukari. Mmea ukiona njaa ya fosforasi unawaita, nao wanakuja. Kayongo, sijui kwa karne ngapi, limejifunza lugha ile ile. Linasikia mwito usio wake, linaitikia. Na kadiri udongo unavyokuwa maskini, ndivyo muhindi unavyoita kwa nguvu zaidi.

Niliposoma jambo hili mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikatoka nje kupunga upepo. Maana mama yangu, ambaye darasa lake liliishia la nne, amekuwa akisema tangu nikiwa mtoto kwamba kayongo linapenda shamba lililochoka. Sisi tulidhani ni maneno ya wazee.

Miaka michache iliyopita nami nilishikwa na homa ile inayowapata wafanyakazi wengi wa mjini: kulima kwa simu. Nikamtumia binamu yangu pesa ya trekta, pesa ya mbegu bora, pesa ya mifuko miwili ya mbolea ya kupandia. Kila wiki napokea picha. Mahindi ya wiki ya tatu yanapendeza popote duniani, nadhani hata jangwani yangependeza, na mimi usiku nikawa napiga hesabu za magunia badala ya kulala. Wiki ya nane picha zikaanza kupigwa kwa mbali. Wiki ya kumi simu ikawa haipatikani. Nilipokwenda mwenyewe kuvuna, nilipata magunia matatu kwenye ekari moja na nusu, na kayongo la kutosha kupamba ukumbi wa harusi.

Mama alinisindikiza shambani. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliinama, akateka udongo kiganjani, akauminya, akafungua mkono. Ukamwagika kama unga wa muhogo.

"Umemimina uji kwenye chungu kilichotoboka, baba," akasema.

Baadaye nilipeleka udongo ule ukapimwa, kazi ambayo mtu mwenye akili huifanya kabla ya kununua mbolea. Ulikuwa mchachu kupita kiasi. Udongo ukichachuka namna hiyo, madini ya chuma na aluminiamu huikamata fosforasi na kuishikilia. Kwa hiyo ile fosforasi niliyoinunua ilikuwa humo humo shambani, imefungwa, na muhindi hauifikii. Muhindi ukabaki na njaa huku umekalia chakula. Ukaita. Aliyeitika mnamjua.

Nilipaswa kuanza na chokaa ya kilimo, na samadi, na kuacha mabua shambani badala ya kuwaachia ng'ombe wa kijiji kizima, mambo ya mwaka mzima kabla ya mfuko. Lakini chokaa haikuwa kwenye duka la pembejeo nililompeleka binamu. Kwenye duka lile kulikuwa na mifuko.

Hebu tutoke kidogo Rorya. Mkulima wa mahindi wa Marekani hupata wastani wa tani 11 hivi kwa hekta. Tuligeuze hilo kwa lugha ya shambani: ni magunia zaidi ya 40 ya kilo 100 kwa ekari moja. Tanzania na Kenya wastani wetu kwa kawaida haufiki tani 2 kwa hekta; magunia saba, manane kwa shida. Mtu anayevuna magunia saba na watoto wameongezeka ana njia mbili. Ama ayapate mengine kwenye ekari ile ile, ama afyeke ekari ya pili. Sisi tumeizoea hiyo ya pili. Takwimu za serikali zimekuwa zikitaja zaidi ya hekta 460,000 za misitu zinazopotea Tanzania kila mwaka, na ufyekaji wa mashamba mapya ni miongoni mwa sababu kubwa, ukiwa bega kwa bega na mkaa. Udongo wa milima iliyobaki uchi unateremka na mvua hadi ziwani, na huko unayalisha magugu maji yanayowafungia wavuvi njia. Kwa hiyo anayeniambia tuchague moja, mavuno au mazingira, huwa namwuliza amewahi kuona shamba la magunia matatu limezungukwa na nini. Limezungukwa na visiki.

Basi na tuongeze mbolea, utasema. Ni kweli, na mimi si adui wa mfuko. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber aliweza kuikamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza amonia kwenye meza ya maabara. Mwenzake Carl Bosch akakifanya kitendo hicho kuwa kiwanda, kikaanza kazi Oppau mwaka 1913. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya binadamu walio hai leo wanakula kwa sababu ya ugunduzi ule. Anayebeza mbolea ya kiwandani kwanza ahesabu watu waliopo mezani.

Sri Lanka walijaribu kuishi bila hiyo ghafla. Mwaka 2021 serikali ya Rais Gotabaya Rajapaksa ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea na dawa za kiwandani, nchi nzima iwe ya kilimo hai, kwa amri, ndani ya msimu mmoja. Mpunga ukaanguka, chai ikaanguka, na ilipofika Novemba mwaka huo huo serikali ikarudi nyuma. Wakulima wa kule hawakuikataa samadi. Hawakuwa nayo. Huwezi kumwamuru mkulima atumie mboji ambayo ng'ombe wake hajazaliwa.

Na walio na mbolea ya kumwaga nao wana kilio chao. Naitrojeni inayotoka mashamba ya katikati ya Marekani inateremka na mto Mississippi, na kila kiangazi sehemu kubwa ya Ghuba ya Mexico inakosa hewa hadi samaki wanakimbia au wanakufa. Nyingine hupaa kama gesi, na gesi hiyo inalipasha joto anga zaidi ya mara 260 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito ule ule. Uholanzi mwaka 2019 mahakama ilitoa uamuzi uliowabana wafugaji na wakulima kwa sababu ya naitrojeni, na matrekta yakafunga barabara. Wenzetu wanapigana na kilichozidi, sisi tunapigana na kilichopungua.

Juni 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaazimia tufikie kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo mwaka 2015. Mwaka 2015 ulikuja ukapita na lengo likabaki kwenye karatasi. Mei 2024 wakakutana tena Nairobi, na safari hii kwenye jina la mkutano yakaongezwa maneno "afya ya udongo". Mama yangu angewaambia siku ile ile Abuja, kama wangemwalika.

Sasa turudi kwenye kayongo, maana kuna kisa ninachokipenda.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, kando ya ziwa letu, kule Mbita, kuna kituo cha utafiti cha ICIPE, taasisi ya sayansi ya wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Profesa Thomas Odhiambo. Kituo cha Mbita leo kinaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1990 mtafiti mmoja kutoka India, Zeyaur Khan, pamoja na wenzake wa Rothamsted kule Uingereza, walikuwa wakitafuta dawa ya adui mwingine kabisa: funza wa mabua, yule anayetoboa bua la muhindi kutoka ndani hadi linavunjika. Walitaka dawa isiyo ya kupuliza, kwa sababu mkulima wa robo ekari hana bomba la kupulizia na akiwa nalo hana pesa ya dawa.

Walichokuja nacho ukikiona utadhani ni uzembe wa palizi. Mahindi kwenye mistari yake kama kawaida. Katikati ya mistari, desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa na kufunika ardhi. Kuzunguka shamba, mabingobingo, yale majani ya kulishia ng'ombe. Basi. Nondo wa funza hutaga usiku. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba harufu ya desmodiamu inamkera, anatoka shambani. Harufu ya mabingobingo inamvutia, anakwenda kutaga huko. Na watoto wake wakitoboa bua la mabingobingo wanakutana na utomvu unaonata, wengi wanafia humo. Anasukumwa huku, anavutwa kule. Ndiyo maana kwa Kiswahili ikaitwa vuta-sukuma.

Ni maelezo mazuri sana, na mimi maelezo mazuri sana huwa nayatilia shaka kidogo. Miaka ya karibuni watafiti wengine, wakiwemo wa Sweden, wamehoji habari ya harufu. Wanasema desmodiamu haifukuzi kama inavyonasa: jani lake lina vinyweleo vyenye ndoano, na viwavi wachanga wakipita juu yake wanakwama, wanakauka. Ubishi huo haujaisha. Kwa upande wangu ninao ushahidi wa suruali. Tembea kati ya mistari ile dakika tano, utatoka majani yamekuganda kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi mapajani, na kuyabandua ni kazi ya jioni nzima.

Jambo ambalo halina ubishi lilitokea chini ya ardhi, na lilitokea kwa bahati. Watafiti walipanda desmodiamu kwa ajili ya nondo, wakaja kugundua kwamba penye desmodiamu kayongo nalo limetoweka. Hawakuwa wamelitafuta. Walipofukua wakakuta mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali za aina mbalimbali. Nyingine zinaiamsha mbegu ya kayongo kama vile muhindi umeita. Nyingine zinalizuia lile lililoamka lisiushike mzizi wa muhindi. Limeamshwa, limetoka, halina pa kushika, linakufa. Na kila mbegu inayokufa hivyo ni mbegu moja iliyotoka kwenye ile akiba ya miaka kumi iliyolala udongoni. Dawa ya kupuliza inakupa msimu. Hii inakula akiba ya adui mwaka hadi mwaka.

Juu ya hayo, desmodiamu kama kunde zote inaiweka naitrojeni ardhini, inafunika udongo usikaushwe na jua, na ukiikata ni chakula cha ng'ombe. Ng'ombe anatoa maziwa na samadi, samadi inarudi shambani. ICIPE wanasema mashamba ya mahindi yaliyokuwa yakitoa tani 1 kwa hekta yamefika tani 3 na nusu. Magunia manne kwa ekari yakawa kumi na manne. Hayo si ya Marekani, lakini kwa nyumba ya watu saba ni tofauti ya kununua unga mwezi wa Februari na kutonunua.

Utaniuliza, kama jambo ni zuri hivyo, mbona halipo kila shamba kutoka Bunda hadi Busia? Nami niliuliza. Nilizunguka nikiuliza watu waliojaribu wakaacha, kwa sababu walioendelea huwa wanaletwa mbele ya wageni wakiwa wamevaa fulana mpya.

Mmoja aliniambia: mbegu. Kilo moja ya mbegu ya desmodiamu ni ghali, na haipatikani kila duka. Mwingine akasema palizi ya mwaka wa kwanza. Miche yake michanga inafanana na magugu, hivyo ukimweka kibarua asiyeijua anaing'oa yote, halafu anadai ujira wake, na kwa haki yake. Mama mmoja alisema neno ambalo hakuna mtaalamu aliyewahi kuniambia: katikati ya mahindi ni mahali pa maharage yake. Maharage ni mboga ya nyumba na ni pesa yake mwenyewe ambayo mume haiulizii. Umemwondolea maharage ukampa majani ya ng'ombe, na ng'ombe ni wa mume. Watafiti wamelisikia hilo, na siku hizi wapo wanaoonyesha jinsi ya kupanda maharage kwenye shimo moja na mahindi, lakini ilichukua muda.

Kuna lingine zito zaidi. Desmodiamu inakaa shambani miaka mingi, na faida yake kubwa inakuja mwaka wa pili na wa tatu. Anayelima shamba la kukodi, leo kwa huyu, msimu ujao kwa yule, atawekezaje kwenye udongo wa mtu? Mwanamke anayelima ardhi ya ukoo wa mume naye ana hesabu zake: kupanda kitu cha kudumu, mabingobingo mpakani, shemeji wanaweza kulisoma vingine. Na mavuno yakiisha, kwa desturi yetu, mashamba yanakuwa ya mifugo yote ya kijiji. Ng'ombe haulizi hii desmodiamu ni ya utafiti au ya nani.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililo la sayansi. Sayansi imemaliza sehemu kubwa ya kazi yake miaka mingi iliyopita. Kilichobaki ni ardhi, jinsia, mbuzi, na pesa. Na hapa kwenye pesa ndipo pana jambo ambalo silisikii likisemwa mikutanoni.

Mfuko una mtu wake. Una kiwanda, una meli, una lori, una mwenye duka pale senta, una kalenda ya ukutani yenye picha ya mahindi makubwa kuliko mkono wa mtu. Una tangazo. Hata redio hii, sitashangaa tangazo litakalofuata baada ya mimi kunyamaza likawa la mbegu chotara, na posho yangu imo humo humo. Sina ugomvi nalo. Lakini nani atalipia tangazo la mabua yaliyoachwa shambani? Nani atapata kamisheni mkulima akimpa jirani kikonyo cha desmodiamu? Maarifa yanayoongeza mavuno bila kuchosha ardhi mengi yana kasoro hiyo moja ya kibiashara: mtu akishayapata mara moja, hanunui tena.

Angalia habari ya Niger. Mwaka 1983 mmisionari mmoja wa Australia, Tony Rinaudo, alikuwa Maradi, kusini mwa nchi ile, akipanda miche ya miti ambayo karibu yote ilikuwa inakufa. Siku moja alisimamisha gari jangwani kupunguza upepo wa matairi, akatazama kijichaka, akagundua hakikuwa kijichaka. Ni mti uliokatwa, kisiki chake hai, mizizi iko chini. Msitu mzima ulikuwa chini ya miguu yake. Kazi iliyobaki ilikuwa kuchagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, kupogoa mengine, na kuyalinda. Miaka ishirini baadaye picha za setilaiti zilionyesha hekta kama milioni 5 za mashamba ya Niger zimerudiwa na miti, mtama unalimwa katikati yake. Mche haukununuliwa. Kisu cha kupogolea kila mtu alikuwa nacho. Kilichokuwa kimezuia muda wote ni sheria iliyoachwa na wakoloni, iliyosema mti ni mali ya serikali, kwa hiyo mkulima mwenye akili aliung'oa mapema kabla haujamletea askari wa misitu. Mti ulipoanza kuhesabiwa kuwa wa mwenye shamba, ukaota.

Dodoma siku hizi mtindo huo upo, wanauita kisiki hai, na ukipita baadhi ya vijiji utaona kivuli mahali ambapo hapo nyuma palikuwa na vumbi tu. Jina zuri. Lakini hata huko kazi inafanywa na watu wanaotembea kijiji hadi kijiji, na watu hao wanakula, wana watoto wa shule.

Serikali zinajua kulipia mfuko. Msimu wa 2022/23, bei zilipopaa baada ya vita vya Ukraine, Tanzania iliweka ruzuku hadi mfuko wa DAP au urea ukauzwa shilingi 70,000. Ilisaidia, na wengi tuliwapongeza. Mwaka huo huo maafisa ugani walipewa maelfu ya pikipiki. Nalo ni jambo jema. Kwenye kata moja ninayoijua nimeiona pikipiki hiyo, inang'aa, imeegeshwa nje ya ofisi tangu mafuta ya mwezi yalipokwisha. Ruzuku ya mfuko ina hesabu iliyo wazi: mifuko mingapi, shilingi ngapi, picha ya waziri na mkulima wameushika pamoja. Lakini kumlipa bibi shamba akae na wakulima thelathini kwa misimu mitatu, awapimie udongo, awatafutie chokaa, awasuluhishe na wenye mbuzi, ni gharama isiyo na picha. Ningekuwa na kauli, kwa kila shilingi kumi za mfuko ningetenga mbili za mtu huyo. Na ningeangalia kama hizo nane zilizobaki hazikufanya kazi kubwa kuliko zile kumi za mwanzo, maana udongo wenye afya ndio unaoupa mfuko mahali pa kukaa.

Mwaka juzi mama alikwenda msibani Tarime, upande wa milimani. Siku ya tatu, watu wakiwa wamekaa kwenye majamvi, yeye akazunguka nyuma ya nyumba kutazama shamba la wenyeji. Ndiyo tabia yake. Akakuta majani yanayotambaa katikati ya mahindi, akauliza, akaelezwa. Akaomba vikonyo. Desmodiamu si lazima mbegu. Kikonyo chenye pingili kinashika kama kitaliwahi lile tope la mvua za kwanza. Akavifunga kwenye kanga mbichi, akatia ndani ya salfeti, akapanda navyo Hiace ya Shirati. Konda akamtoza shilingi elfu moja ya mzigo. Katika safari nzima ya teknolojia ile kutoka milimani hadi kwetu, huyo konda ndiye peke yake aliyepata faida ya papo kwa papo.

Alipanda mstari mmoja. Mbuzi wakapita kwenye ua wakala nusu. Nusu iliyobaki akaigawa akaipanda tena, na mwaka huu imefika mistari sita. Majirani watatu wameshaomba vikonyo vyao.

Nilipokwenda mwezi uliopita nilimkuta anakata majani ya ng'ombe, kanga yake imegandwa na majani hadi kiunoni. Nikamwuliza kama kayongo limepungua. Akatazama shamba kwa muda.

"Lipo," akasema. "Ila limekonda."

Nikamweleza habari za mizizi na kemikali, na ule mwito wa muhindi, na jinsi kayongo linavyodanganywa likaamka bure. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mzigo wake wa majani, akaunyanyua kichwani.

"Na mbuzi wa jirani," akaniuliza, "wataalamu wanasemaje?"